Ziara ya siku moja Kalenga: fuvu utaoneshwa, ukuta uuombe mwenyewe

Shangazi yangu alikuwa na miaka minane siku fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporudi Kalenga, karibu na Iringa, tarehe 19 Juni 1954. Yeye na babu walitoka Tanangozi kwa miguu jana yake, wakalala kwa ndugu pale Tosamaganga, asubuhi wakateremka na watu wengine. Palikuwa pamesongamana, babu akambeba mabegani. Ukimuuliza anakumbuka nini, hakuambii habari za gavana wala hotuba. Anakumbuka kofia za watu alizokuwa akiziona kwa juu, vumbi, na umati uliokuwa ukipiga kelele tangu alfajiri ukanyamaza wote kwa mpigo, mpaka akaogopa, akamshika babu masikio yote mawili.

Hajarudi tena tangu siku ile. Aliolewa Dodoma, akalea watoto na wajukuu, magoti yakachoka. Mwaka huu akasema anataka kwenda Kalenga kabla macho hayajamkatalia. Basi nikatafuta kampuni ya utalii pale Iringa mjini, nikanunua ziara ya siku moja kwa watu wawili. Hiyo ndiyo huduma ninayoielezea hapa. Kampuni sitaitaja, kwa sababu malalamiko yangu niliwapelekea wenyewe na walinisikiliza. Ninachotaka ni kwamba mwenye mzee wake kama huyu wangu ajue aombe nini kabla hajalipa.

Nililipa shilingi 160,000: gari, dereva, mwongozaji, viingilio na chakula cha mchana. Nusu nilituma kwa simu wiki moja kabla, nusu tuliporudi. Kwa bei hiyo siwezi kusema walinipunja. Gari lilikuwa Noah safi, likafika saa mbili kamili kama walivyoahidi. Dereva alipomwona shangazi na mkongojo wake alishuka, akafungua buti, akatoa kigoda cha mbao akakiweka chini ya mlango ili apandie. Siku nzima kila tuliposimama kigoda kilitangulia. Yule dereva ningempa nyota zote.

Tatizo lilianzia kwenye ratiba. Walitupangia Isimila asubuhi, Kalenga mchana, jioni jiwe la Gangilonga. Isimila ni mahali pazuri sana kwa mwenye miguu, zile nguzo za udongo ndani ya korongo hazina mfano. Lakini kule unateremka na kupanda, na shangazi hakuweza. Akabaki kivulini juu, amejifunga shuka maana baridi ya Iringa asubuhi mnaijua, mimi nikashuka haraka na kupanda haraka. Saa mbili zikaishia hapo. Tulipofika Kalenga mwongozaji akatazama simu yake akasema, "Hapa tuna dakika arobaini."

Dakika arobaini kwa mtu aliyesubiri miaka sabini. Nilimwambia tutaona.

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Makumbusho yenyewe ni jengo dogo, wala usije ukitarajia kumbi na ngazi. Ndani kuna silaha za zamani, picha, maelezo ukutani, na fuvu ndani ya kioo. Nje kuna makaburi ya ukoo, na kaburi la Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, yule aliyekuwa Spika wa Bunge letu miaka mingi. Yeye ndiye aliyelipokea fuvu la babu yake mwaka 1954.

Mhudumu wa pale alimpokea shangazi kwa namna ambayo sitaisahau. Alimwamkia "Kamwene", shangazi akaitikia "Kamwene", na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya msichana. Miaka mingi Dodoma hakuna wa kumwamkia hivyo asubuhi. Akaletewa kiti, kikawekwa mbele ya kioo. Hakuna aliyemharakisha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Kisha akainama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, akaufuta na ukungu ule kwa kiganja. Akasema, "Siku ile sikumwona. Lilikuwa limefunikwa."

Mhudumu akatusimulia jinsi lilivyorudi, na alisimulia vizuri, kwa utulivu, na tarehe zake zote. Mkwawa alikufa Julai 1898 kule Mlambalasi. Wajerumani walikuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, mzima au amekufa. Alipoona amezingirwa alijipiga risasi, nao wakakata kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaweka sharti, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Ebu fikiri, mkataba wa dunia nzima, wenye mambo ya mipaka na fidia na majeshi, na humo ndani kuna Mhehe mmoja anadaiwa. Miezi sita ikapita, na miaka zaidi ya thelathini juu yake. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Mwingereza Edward Twining, akaenda mwenyewe makumbusho ya Bremen. Alikuta mafuvu yapata 2,000, kati yake 84 ya Afrika Mashariki. Wakapima. Walitafuta lenye vipimo vinavyolingana na vya Chifu Adam Sapi na jamaa zake, na wakapata moja linalolingana ambalo pia lilikuwa na tundu la risasi.

Niliuliza swali ambalo najua wengi wanalo: je, tuna hakika ni lenyewe? Wapo wataalamu waliotilia shaka. Mhudumu hakukwepa, alikiri kwamba shaka hiyo ipo. Shangazi ndiye aliyejibu, bila kugeuka. "Sisi tulimpokea yeye," alisema. "Babu yako alitembea siku nzima kumpokea yeye." Sikuuliza tena.

Hadi hapo, kama ungeniuliza, ningekuambia ziara ni nzuri mno. Ila mwongozaji wetu wa kutoka mjini, kijana mwenye heshima zake na Kiswahili kizuri, akaona ni zamu yake. Tulipotoka nje akanyoosha mkono kuelekea mashambani akasema, "Na hapa ndipo ngome ilipovamiwa, na Mkwawa akajipiga risasi Wajerumani walipoingia."

Shangazi akasimama. "Mjukuu wangu, hapana," akasema. "Hapa alitoka akiwa hai."

Kijana akababaika kidogo, akasema huenda amechanganya. Alikuwa amechanganya kweli, na ni kosa ninalolisikia sana hata kwa watu wazima, kwa hiyo niliweke hapa kama nilivyomwekea yeye. Kuna mambo matatu na yana miaka mitatu tofauti. Lugalo ni 17 Agosti 1891: Emil von Zelewski, waliyemwita Nyundo, anakuja na jeshi lake, Wahehe wanamvizia njiani, wanamuua na kulivunja jeshi, wanachukua bunduki karibu 300. Watu wa Dar wanaopita kambi ya Lugalo kila siku, jina lilitoka huko. Kalenga ni Oktoba 1894: Wajerumani wanarudi na gavana wao Friedrich von Schele kulipiza, safari hii wamejiandaa na mizinga, na tarehe 30 wanaiteka ngome. Mlambalasi ni 1898. Kati ya Kalenga na Mlambalasi kuna takriban miaka minne ya Mkwawa kupigana porini, watu wanamficha, wanamlisha, wananyongwa kwa ajili yake. Ukisema alikufa siku ngome ilipoanguka, umewafuta watu wote hao kwa sentensi moja. Ndiyo maana shangazi alisimama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi ni mwashi. Nimejenga miaka thelathini na moja, nyumba, shule, uzio wa kila aina, na nilikwenda Kalenga na haja yangu mwenyewe, mbali na ile ya shangazi. Nilitaka kuona ukuta. Tangu mdogo nimesikia kwamba Mkwawa alizungushia mji wake ukuta, kwamba hata jina Iringa limetoka kwenye neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome. Wajerumani wenyewe walipoanzisha mji mpya kilimani mwaka 1896 waliuita Iringa Mpya, na Kalenga wakaiita Iringa ya Kale. Mji mzima umebeba jina la ukuta. Na katika ziara yetu, kwenye karatasi waliyonipa yenye orodha ya vituo, neno ukuta halikuwapo kabisa.

Nikarudi ndani nikamuuliza mhudumu: kaka, ukuta ulipita wapi? Akafunga daftari la wageni, akavaa kofia, akasema twende. Mwongozaji akatazama simu. Dereva, Mungu ambariki, akasema yeye hana haraka, Gangilonga ni jiwe, litakuwepo na kesho.

Nikuambie ukweli mapema ili usije kulaumu: hakuna ukuta uliosimama wa kupigia picha. Mabaki ni machache mno, na asiyeoneshwa atapita juu yake asijue. Kuna nyumba za watu, mashamba, njia za ng'ombe. Udongo hauachi magofu kama mawe ya Kilwa, mvua ikishaupata inaurudisha ulikotoka. Unachopewa pale ni mstari. Mhudumu anatembea, anakuonesha kwa fimbo: ulitoka kule, ukaja hivi, ukapinda pale, na mto Ruaha Mdogo uko upande ule. Mahali pamoja akasimama kwenye mwinuko ambao haufiki hata magotini, majani makavu juu yake, akagonga kwa kisigino. "Hapa."

Nilichuchumaa. Nikaokota bonge la udongo, nikalivunja, nikautemea mate nikaufinyanga kiganjani. Hivyo ndivyo tunavyopima udongo tangu nikiwa saidia fundi: unausokota uwe kama uzi, ukikatika mapema una mchanga mwingi, ukishika ni wa kufaa. Ule ulishika. Nikausokota mpaka ukawa mrefu kama kidole changu cha kati, haukukatika, haukuweka ufa. Nikamwonesha shangazi. Akauchukua akaufunga kwenye pindo la khanga, na mhudumu akatabasamu, akatazama pembeni.

Halafu nikapiga hesabu pale pale, maana mimi kitu nisichokipigia hesabu sikielewi. Ukuta unaotajwa ulikaribia kimo cha watu wawili, na ulikwenda kwa kilomita kadhaa kuuzunguka mji. Chukua kilomita moja tu. Tuseme juu mita tatu na nusu, unene mita moja, na hapo sijauongezea kitu. Hiyo ni meta za ujazo 3,500. Lori letu la tani saba linabeba kama meta tano za mchanga. Kwa hiyo kila kilomita ni malori 700, na pale hapakuwa na lori hata moja. Udongo ulichimbwa kwa jembe, ukakanyagwa kwa miguu, ukabebwa kichwani, ukapandishwa kwa mikono. Na ujenzi wa udongo hauna haraka. Ukipandisha kozi nyingi siku moja, ya chini inafura na kutoa tumbo. Unaweka, unaacha ikauke, unarudi. Wajenzi wale walikuwa na kiangazi cha Iringa tu cha kufanyia kazi, masika inawafukuza. Si ajabu inasemwa kazi ile ilichukua miaka.

Huo ni ukuta wa nini? Ni ukuta wa mikuki, mishale na magobore. Kwa vita ambavyo Wahehe walikuwa wakipigana na majirani zao, hakuna aliyeweza kuuingia. Risasi ya bunduki inazama kwenye udongo inakaa humo humo. Kwa silaha hizo ningekuwa ndani ningelala usingizi. Lakini mzinga ni kitu kingine. Mzinga una siku nzima ya kupiga, na adui hahitaji kuangusha kilomita zote, anahitaji mahali pamoja pa kupitia. Na hapo urefu wa ukuta, uliokuwa fahari yake, ukawa mzigo. Kila mita inataka mtu wa kuilinda. Wewe umetawanya watu wako duara zima, mwenzako amekusanya wake wote sehemu moja na wewe hujui ni ipi. Ninajenga uzio wa watu matajiri kila mwaka, na siku zote nawaambia hivyo hivyo: usinipe uzio mrefu kuliko walinzi wako.

Mhudumu akanigeuza bega, akanielekeza juu, upande wa Tosamaganga. Wazee wa Kalenga wanasema mizinga ilipigwa kutoka kule, na kwamba jina lenyewe ndiyo habari: *tosa maganga*, tupa mawe. Watu wa ndani waliona vitu vinatoka kilimani vinaanguka mjini, wakaviita mawe. Shangazi aliposikia akashtuka. Alilala Tosamaganga usiku wa kuamkia sherehe ya 1954, amepita pale mara nyingi utotoni kwenda misheni, na kamwe hakuwahi kuuliza jina lina maana gani. Akalitamka polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayefungua kifurushi. "Tosa. Maganga." Kutoka pale tulipokuwa tumesimama macho yanafika kilimani bila kizuizi. Mimi nilijiweka ndani ya ukuta, mgongo kwa mji, nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa tumbo jinsi walivyokuwa wakionekana.

Tarehe 30 ile ya Oktoba 1894 askari waliokuwa na ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, wakauvuka ukuta. Baada ya hapo hapakuwa tena na ngome, palikuwa na nyumba, na wakapigana nyumba hadi nyumba. Mkwawa akatoka, na mji ukateketea.

Hapa naomba jambo kwa wote wanaoongoza wageni Kalenga, wa kampuni ile na nyingine. Msiseme tu "Wajerumani". Maofisa walikuwa Wajerumani, na amri na faida zilikuwa zao. Lakini walioparamia ukuta ule kwa mikono na magoti, wengi wao walikuwa askari Waafrika: Wasudani, watu walioletwa kutoka Msumbiji, na wengine wa nchi hii hii. Nilipolisema hili mwongozaji alinyamaza, nikadhani nimemuudhi. Kumbe anawaza. Akasema babu yake mzaa mama ni Mnyamwezi, na kwao kulikuwa na hadithi ya mjomba aliyekwenda na Wajerumani hakurudi. Hakujua alikwenda wapi. Tukasimama wote watatu juu ya kile kimwinuko, mjukuu wa waliokuwa ndani na mtu ambaye huenda ndugu yake alikuwa nje. Hilo karatasi ya ziara haiwezi kukupa. Lakini ziara ingeweza kulipatia muda.

Tulikaa Kalenga saa tatu kasorobo. Gangilonga hatukwenda, na sikudai fidia ya hiyo, tulichagua wenyewe.

Chakula nikipitie haraka: wali, maharage, kuku wa kienyeji mgumu kidogo kwa meno ya shangazi, mboga za majani tamu sana. Vilikuja vya moto. Maji ya kunywa walitupa chupa mbili kwa siku nzima, kwa wazee hayatoshi, beba yako. Choo kwa mtu wa mkongojo uliza mapema, kwa sababu vituo vyote havilingani.

Jioni nilimpigia mwenye kampuni. Nilimwambia mambo mawili: kijana wake afundishwe tofauti ya 1891, 1894 na 1898 kabla hajapewa mgeni mwingine, na mzee asiyeweza kushuka korongoni asipelekwe Isimila kwa sababu tu iko kwenye orodha. Hakubishana. Alinirudishia 30,000 kwa simu kabla sijalala, na akasema atatengeneza safari ya Kalenga peke yake kwa wanaotaka. Kwa hilo nampa heshima yake.

Kama unakwenda, ushauri wangu ni huu. Ukinunua ziara, nunua ya nusu siku, Kalenga tu, na sema mapema kwamba unataka kutembezwa kwenye mstari wa ngome na mtu wa pale pale. Makumbusho yenyewe, kwa jinsi tulivyohudumiwa, nayapa nyota tano bila kusita. Mpe mhudumu nafasi ya kusimulia, usimkatize kwa picha. Vaa viatu vya kufunga, kuna miiba. Nenda asubuhi, wakati jua bado liko chini na vivuli virefu, maana kimwinuko kama kile mchana wa saa sita hukioni, ardhi yote inaonekana tambarare. Hili niliambiwa tukiwa tumeshachelewa. Ziara ile, kama nilivyouziwa, ina nyota tatu. Siku yenyewe kama ilivyotokea siwezi kuipimia nyota.

Na ukitaka kuelewa zaidi, lala Iringa usiku mmoja, kesho yake tembelea Boma la Wajerumani pale mjini, ambalo sasa ni makumbusho. Mimi nilikwenda peke yangu, shangazi amepumzika. Nilizigusa kuta zake, mawe na chokaa, pembe zimenyooka, bado zimesimama baada ya zaidi ya miaka mia. Ni kazi safi, siwezi kusema uongo. Lakini nikiwa pale mikono yangu ilikuwa bado inakumbuka udongo wa Kalenga, jinsi ulivyoshika.

Mwezi wa nane tunarudi. Shangazi ameshaweka masharti yake kwa simu kutoka Dodoma: Isimila hapana. Anataka aanzie upande wa mto, atembee polepole kuufuata mstari mpaka pale kwenye mwinuko, na amemwagizia yule dereva asisahau kigoda, kwa sababu akifika pale anataka kukaa.